Ngata ya Kifundo

Pikipiki ilikuwa imeshavuka kijito na kuanza kuupanda mlima wa kutokea Rugera, na Anatolia hakugeuka nyuma. Mapajani alikuwa amepakata mabuti mawili makubwa meusi, kama mtu anayepeleka wana-mbuzi wagonjwa kwa bwana mifugo. Nyuma yake, pale migomba inapoishia, baba yake mdogo Placidius alikuwa bado anapiga kelele, mikono imepanda juu.

"Nenda! Nenda ukayatibu mabuti! Wenzako hospitali wanapeleka watu, wewe unapeleka viatu!"

Waliokuwa wakipalilia kahawa waliacha majembe wakacheka. Dereva naye alicheka, mpaka alipouona kwenye kioo uso wa abiria wake. Akaongeza moto.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake si ngumu. Dhiki ya mtu anaijua yeye aliyemo ndani yake. Anayechungulia mlangoni huona shuka tu, tena huona imetandikwa vizuri. Watu wa Rugera waliijua methali hiyo tangu darasa la nne. Lakini methali ya daftarini haiumi mtu. Walihitaji kuiona ikitembea kwa miguu, na iliwatembelea kwa miguu ya Anatolia.

Mabuti yale yalikuja pamoja na ubao. Aliyeviacha alikuwa daktari mgeni, mwanamke kutoka nchi ya baridi, aliyewahi kupanga nyumba jirani na kina Anatolia. Huko kwao watu husimama juu ya ubao wa namna ile, miguu imefungwa kwa mikanda, wakateleza juu ya theluji kutoka kileleni hadi bondeni, wakikata kona huku na huku kwa kuulaza ubao ubavu. Kwa nini aliubeba mpaka Karagwe, ambako theluji huonekana kwenye kalenda za ukutani, hakuna aliyejua. Siku ya kurudi kwao alimwachia Anatolia, kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kuuliza unapandwaje. Wengine waliuita "mlango", na jina likashika.

Rugera haina theluji, lakini ina nyasi. Masika yakikolea, majani ya rweya, yaani ule uwanda wa nyasi ulio juu ya migomba, hulala yakalowa, na yakilowa huteleza kama bamia. Kila Jumatatu ya Pasaka vijana huchukua vigogo vya migomba iliyokwisha kuvunwa, wakavikalia kama wapanda punda, wakashuka kilima wakipinda kati ya fito za mkaratusi zilizochomekwa njiani. Wengi hufika chini wakiwa wamevaa tope tu. Bingwa wa mchezo huo alikuwa Novatus, mtoto wa Placidius, kijana mwenye mabega kama mlango wa kanisa na maneno mengi kuliko mabega.

Pasaka iliyotangulia, Anatolia alishuka kilima kile akiwa amesimama juu ya ubao. Kelele za watu zilipasua anga. Ufito wa kwanza aliupita. Wa pili ulimtaka ageuze ubao kwa kuegemea vidole vya miguu, na alipoegemea, kisigino kilichomoka kutoka mahali pake ndani ya buti, na kifundo cha mguu kikauma kama kimegongomewa msumari wa moto. Akajinyoosha kwa maumivu. Ubao ukakwama, naye akabingirika kama mtungi hadi kwenye miguu ya akina mama waliokuwa wakila maharage. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kicheko angekivumilia. Kilichomchoma ni maneno ya kesho yake. Baba yake Anatolia alikuwa amefariki, na Placidius ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, akaketi, akakohoa, akasema, "Mwanangu, michezo imetosha. Huko Rubwera kuna mama mmoja mwenye duka, Adija, anatafuta binti wa kumsaidia jikoni. Utakwenda. Mama yako mgongo haumruhusu, basi kibanja Novatus atakiangalia."

Neno lile "kuangalia" kila mtu pale alilielewa. Kibanja cha Placidius, yaani shamba lake la migomba, kilipakana na cha marehemu kaka yake, na migomba ya kaka ilikuwa minene kuliko yake. Benadeta, mama yake Anatolia, aliinamisha kichwa. Anatolia alisimama, ijapokuwa mguu ulikuwa umevimba kama boga.

"Baba mdogo, mwakani nitashuka tena. Nikianguka, ubao huo ufanye mlango wa banda la kuku, na mimi nitapanda gari la Rubwera bila kusukumwa. Nikifika chini nimesimama, Rubwera usiitaje tena hapa, na kibanja cha baba usikiote hata usingizini."

"Unasema hivyo mbele ya wazee hawa?"

"Mbele ya wazee, na kuku nao wasikie."

Mzee mmoja aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Placidius hakuwa na njia ya kukataa. Akala yamini.

Ndiyo maana, Pasaka nyingine ilipokaribia na kifundo bado kikiuma kila alipopanda ubao, Anatolia alikuwa juu ya pikipiki akielekea Nyakahanga, penye hospitali na soko.

Alianzia kwa Saleh, muuza viatu vya mitumba, mtu aliyejisifu kwamba hakuna mguu ulioumbwa ukamshinda. Saleh alitia mkono ndani ya buti, akalipigapiga soli, akaing'ata kamba yake.

"Buti zima hili. Tatizo lako ni moja, binti. Kiatu kinachocheza ndicho kinachouma. Kaza! Vaa soksi mbili, ikibidi tatu, halafu kaza mpaka mguu useme astaghafirullah."

"Wewe umewahi kulivaa buti la namna hii?"

"Mimi? Mimi navaa kandambili. Lakini kiatu ni kiatu."

Kutoka pale akaenda kwa Agnetha, nesi aliyesoma naye shule ya msingi. Agnetha alikibonyeza kifundo taratibu, akamgeuza mguu kulia na kushoto.

"Mfupa ni mzima," alisema. "Hapa palipovimba ndipo buti linapokukanyaga. Nitakupa dawa ya uvimbe. Ila ningekuwa wewe ningepumzika, nikaachana na hicho kitu."

"Nikipumzika, kibanja kinakwenda."

Agnetha alimtazama. "Basi mimi naona mguu tu, rafiki yangu. Ndani ya buti sioni. Huko unakuona wewe."

Anatolia alirudi nyumbani akiwa na mawazo mawili, na kama wengi wetu, alianza na lile lililopigiwa kelele zaidi. Tena lilikuwa jambo ambalo watu wa huko hawafundishwi. Wanajua kufunga. Mzigo wa nyasi, mkungu wa ndizi, gunia la kahawa, vyote hufungwa kwa kuvikandamiza na goti na kuvuta kamba mpaka mzigo ulie. Mzigo uliolegea ni aibu ya aliyeufunga. Basi Anatolia alivaa soksi tatu, akaweka goti, akaufunga mguu wake kama mzigo wa nyasi unaokwenda mbali.

Alipofika juu ya rweya vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alishuka hatua chache tu; hakujua miguu yake iko wapi, wala ubao uko wapi. Akaanguka kifudifudi. Novatus alikuwa karibu akikata nyasi.

"Dada, ukichoka kuanguka niachie huo mlango. Kuku wangu wanaona baridi."

"Wavalishe sweta," alisema Anatolia, huku anatema majani.

"Jikaze, basi! Mwanaume angevumilia."

"Mwanaume gani? Wewe unayeshuka kwa makalio?"

 Novatus alikwenda kulisimulia anguko lile kijiji kizima, na kila aliyelisikia alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema paka mafuta. Mwingine alisema ubao una mkosi. Wa tatu alisema miguu ya kike haikuumbiwa buti. Placidius alianza kupima upana wa banda lake la kuku kwa mkono, makusudi, pale ambapo Anatolia angemwona.

Siku moja Anatolia na mama yake walipanda rweya kukata nyasi za kutandaza shambani, maana kibanja kisichotandazwa nyasi hukauka kiangazi kikaaibisha nyumba. Anatolia alikuwa na hasira na haraka. Alijitwika mzigo mzito bila ngata, akashuka nao, na nusu ya njia akautupa chini, akashika utosi kwa mikono miwili.

"Umezaliwa jana?" Benadeta alifoka. "Mzigo bila ngata! Unataka shingo iingie tumboni?"

Akachuma majani makavu ya mgomba, akayasokota, akayazungusha kuwa duara lenye tundu katikati, akampachika binti yake kichwani kwa kofi dogo. "Utosi haubebi kitu. Mzigo unakaa pembeni, utosi unapumua. Au kule shuleni hamkufundishwa?"

 Anatolia aliivua ngata, akaitazama, akatia kidole kwenye lile tundu.

"Mama, kifundo nacho kina utosi."

"Jua limekupiga," alisema Benadeta. "Twende nyumbani."

Kumbe halikuwa jua. Anatolia alipofika nyumbani aliyatoa mabuti ndani, akaling'oa lile buti laini la ndani, maana buti la namna ile ni mawili, gumu nje na laini ndani. Alichukua masizi ya chungu, akaupaka mfupa wa kifundo uliokuwa ukimuuma, akavaa buti hilo laini juu ya mguu mtupu, akasimama, akaegemea mbele kama anayekata kona. Alipolivua, ndani kulikuwa na doa jeusi. Pale ndipo kunguni alipokuwa amejificha.

Alisokota ngata ndogo ya majani ya mgomba, akaikata upande mmoja ikawa kama mwezi mchanga, akaishona nje ya lile buti laini, ili doa likae katikati ya uwazi na pembe za mwezi zikumbatie mfupa kwa nyuma na chini. Mwezi huo ulikuwa na kazi mbili: kuuacha mfupa upumue, na kukishika kisigino kisichomoke.

Ya kwanza ilikuwa nene mno, ikauma kuliko mwanzo. Ya pili ilishonwa juu sana, ikaupanda mfupa wenyewe. Aliifumua akashona tena, akavaa akafumua, na mama yake akamwambia kwamba hata mbwa akilamba kidonda hupumzika. Hakupumzika. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa jibu lilikuwa halimo kinywani mwa mtu, lilikuwa mguuni. Alijifunza kuvaa soksi moja tu, isiyo na kunjo. Alijifunza kupiga kisigino chini, pa, kiingie mahali pake kabla ya kuifunga kamba. Alijifunza kukaza sehemu ya chini na kuilegeza kidogo ya juu, ili muundi upate kuinama, maana buti lililokazwa mpaka juu humfanya mtu awe gogo, na gogo halikati kona.

Ilipofika juma la Pasaka alipanda rweya alfajiri, kabla wakata nyasi hawajatoka. Aliegemea vidole. Kisigino kilitulia kama yai kwenye kiota. Ubao ulilala ubavu, ukingo wake ukafyeka majani kama mundu, na kilima kikageuka naye kikiwa kitiifu. Anatolia alicheka peke yake kwa sauti kubwa. Hakujua kuwa Novatus amefika mapema siku hiyo.

Jumatatu ya Pasaka watu walijaa kilimani toka juu hadi chini. Vigogo vya migomba vilipangwa. Anatolia alikuwa ameketi anafunga kamba, mara Placidius akajitokeza mbele ya umati, Novatus nyuma yake.

"Kabla ya mchezo," alisema Placidius, "huyu binti avue buti. Mwanangu amemwona akiwa na kitu kimeshonwa ndani. Majani makavu, yamesokotwa! Sisi ni Wakristo, na leo ni Pasaka. Hatutaki hirizi kwenye kilima chetu."

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye migomba. Akina mama wakavutana nguo.

Anatolia alifungua kamba bila haraka. Akavua buti, akalitoa lile laini, akaliinua watu wote waone.

"Hii si hirizi. Ni ngata."

"Ngata ya mguu!" Novatus alipasuka kicheko. "Unabeba mtungi kwa kifundo?"

"Njoo uvae, Novatus. Miguu yetu inalingana, tangu utoto tunaazimana viatu vya kanisani. Kama ni dawa, itakupeleka chini umesimama na wewe. Au unaogopa?"

Novatus hawezi kuambiwa anaogopa mbele ya watu. Aliketi, akatumbukiza mguu, akakaza kamba kwa goti kama ilivyo desturi, akasimama, akajipiga kifua. Akakanyaga hatua moja. Ya pili akainama mbele kwa madoido, kuonyesha anavyokata kona.

"Mama yangu wee!"

Alianguka chini akilivuta buti kwa mikono yote miwili, na mtu mmoja ikabidi amsaidie.

"Linakuuma wapi?" aliuliza Anatolia.

"Hapa! Limenikanyaga mfupa!"

"Mfupa wako umekaa juu kuliko wangu. Ngata hii nimeishonea kifundo changu, haikijui chako." Akageukia umati. "Mwaka mzima mmeniambia kaza, jikaze, ongeza soksi, ubao una mkosi, miguu ya kike haifai. Huyu amelivaa kwa hatua mbili amemwita mama yake. Katika ninyi nyote, ni nani aliyewahi kuniuliza swali nililomuuliza yeye sasa hivi? Linakuuma wapi?"

 Mama mmoja alitazama maharage yake.

Placidius alipaza sauti, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Guu ni langu, baba mdogo. Likivunjika nitachechemea nalo mimi. Nipishe njia."

Akalivaa buti lake, akapiga kisigino chini, pa, akafunga kamba, akasimama kwenye mstari pamoja na wenye vigogo. Filimbi ikalia.

Novatus alitangulia kama jiwe, tope likiruka pande zote. Anatolia hakumtazama. Alipita ufito wa kwanza kwa kisigino. Wa pili, ule uliomwangusha, aliuendea moja kwa moja, akaegemea vidole, na watu wakaacha kupumua. Ubao ulichora upinde mrefu juu ya nyasi, ukauzunguka ufito, ukatoka. Kelele zilianza chini zikapanda juu. Wa tatu akaupita. Wa nne akaupita.

Kwenye ufito wa mwisho palikuwa na kisiki cha kichaka kilichofichwa na majani. Ukingo wa ubao ulikigusa, ubao ukaruka, Anatolia akalala upande hadi mkono wake ukakwangua ardhi.

"Ameanguka!" Placidius alipiga kelele kutoka juu. "Ameanguka, mmeona!"

"Mkono si mwili!" akina mama walimjibu kwa pamoja.

Mguu ulikuwa umeshikwa barabara. Kisigino hakikuchomoka hata unywele. Anatolia alisukuma ardhi kwa mkono ule ule, magoti yakakunjuka, akainuka juu ya ubao, akavuka mstari wa chini akiwa wima kama mgomba ulioegemezwa mwegamo.

Novatus alikuwa ameshafika zamani, na vijana walikuwa wamembeba juu. Ubingwa ulikuwa wake, hakuna aliyeupinga. Lakini macho ya watu hayakuwa kwake. Anatolia alikataa kufunguliwa mikanda. Alisimama pale pale juu ya ubao, mkono umejaa tope na damu kidogo, akangoja mpaka baba yake mdogo aliposhuka kilima kizima, polepole, akishikilia fimbo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Rubwera vipi?"

Placidius alitazama migomba ya kaka yake, iliyotandazwa nyasi nzuri. Wale wazee wawili wa ukoo walikuwa wamesogea karibu, na mmoja alikuwa anakohoa tena.

"Mimi sijasema kitu," alisema Placidius.

"Sema."

"Haitajwi."

"Na kibanja?"

"Cha kaka yangu," alisema. "Chako na mama yako."

Hapo ndipo Anatolia alipoinama akafungua mikanda.

Novatus alipewa jogoo wa ubingwa, wakamla siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata alioa, akahamia upande wa Kyerwa. Placidius alitengeneza mlango wa banda la kuku kwa bati kuukuu, nao unapiga kelele kila upepo ukivuma. Adija wa Rubwera alipata binti mwingine wa kumsaidia. Saleh bado anauza viatu Nyakahanga, na bado anawaambia watu wavae soksi mbili. Agnetha alihamishiwa zahanati ya mbali. Mgongo wa Benadeta haukupona, lakini nyasi zinafika shambani kila mwaka. Anatolia analima kibanja cha baba yake. Ubao umeegemezwa nyuma ya mlango wa nyumba, mabuti yapo chini yake, na ngata zake huzibadilisha kila masika, kwa sababu majani ya mgomba huchakaa. Kifundo humuuma siku za baridi kali, naye anajua kinauma wapi. Walimwengu watashauri, watacheka, watapima mabanda yao ya kuku. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.